Kutawakali Baada ya Kupanga

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, tunapenda kuwaeleza ndugu zetu wasomaji jambo lililotupata nyumbani kwetu Misungwi, huenda mzazi mmoja akapata faida ndani yake.

Binti yetu mkubwa ameolewa Lushoto, katika milima ya Usambara. Likizo hii ya Juni tumenuia kwenda kumzuru, sisi na mama watoto pamoja na watoto wanne. Tulipokaa barazani kuipanga safari, kijana wetu alileta simu akatuonyesha picha za jamaa za nchi za mbali wakipanda milima kwa pikipiki za magurudumu manne, baba mbele na watoto nyuma. Akasema, "Baba, nasi tukifika Lushoto tukodi pikipiki tupande mpaka Irente. Mbili zitatutosha sote." Kabla hatujajibu, mdogo wake wa kiume mwenye miaka 10 akauliza kwa sauti ndogo, "Safari hii nani atakaa nyuma kabisa?"

Neno hilo lilituchoma. Miaka miwili nyuma tulikuwa tukienda kwenye Maulidi kijiji cha jirani. Tulimpakia yeye na nduguze wawili nyuma yetu juu ya pikipiki moja, mtindo ambao watu huuita mishkaki. Mama yao alituonya, tukamjibu, "Tumetawakali kwa Mungu." Penye mchanga gurudumu likateleza, na yeye aliyekuwa nyuma kabisa akaangukia mkono, mfupa ukavunjika. Hata leo mkono ule haunyooki sawasawa. Akiandika ubao wake chuoni huuegemeza gotini. Hajatulaumu hata siku moja, na huko kutolaumu kwake ndiko kunakotuumiza zaidi.

Nasi ndio tunaowasomesha watoto wa watu hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ya mtu aliyemwuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, naye akaamrishwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Tuliisoma kwa ulimi, tukaivunja kwa pikipiki. Lile tuliloliita tawakali lilikuwa uvivu wa kwenda mara mbili.

Basi tukaanza kupanga upya. Kwanza, uongozi. Mtume ametuagiza kwamba wasafiri wakiwa watatu wamfanye mmoja wao amiri. Uamiri tumeuchukua sisi, lakini katika usalama wa watoto tumeahidi kwamba onyo la mama yao halitapuuzwa tena.

Pili, sala. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, safari ya marhala mbili, yaani kilomita 80 na ushei, humruhusu msafiri kupunguza sala za rakaa nne, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Safari yetu inapita kiasi hicho mara nyingi: Shinyanga, Nzega, Singida, Babati, Arusha ambako tutalala, kisha Moshi na Same mpaka Mombo. Basi halimngojei mtu, kwa hivyo tumekwisha kuandika tutasali wapi. Na kwa kuwa tumenuia kukaa Lushoto siku 10, tukifika tu tutasali kamili.

Tatu, mlima wenyewe. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami inayojipinda ubavuni mwa mlima, ikipita Soni penye maporomoko ya maji. Hapo tutapanda gari. Ama njia za vijijini ni za udongo, upande mmoja ukuta na upande wa pili bonde. Sisi wa Misungwi tumezoea njia za mchanga zipitazo kati ya majabali. Dereva hodari wa huku ni mwanafunzi huko. Mvua za masika, Machi mpaka Mei, huufanya udongo ule uteleze. Juni mvua hupungua lakini baridi huingia, kwa hivyo kila mmoja atachukua sweta.

Irente, kwenye jabali linaloitazama nyika chini, si mbali na mji. Kijana wetu na dada zake wawili watakwenda kwa miguu tangu asubuhi, wala mabinti hawatapanda nyuma ya dereva wasiyemjua. Mama watoto, ambaye magoti humsumbua, atachukuliwa na mkwe wetu aliye maharimu wake, peke yake nyuma, kofia ngumu kichwani. Na sheria ya nchi nayo inataka abiria mmoja. Kisha mkwe atarudi kumchukua mtoto wetu mdogo. Itakuwa mara mbili, na iwe mara mbili.

Hayo yote yakiisha ndipo tutakaposoma dua ya kipando iliyomo katika Suratu Zukhruf, aya ya 13 na 14, inayotukumbusha kwamba kipando tumetiishiwa, hatukukiweza kwa nguvu zetu, na kwamba kwa Mola wetu tutarejea.

Usiku ule tulimwita yule mdogo tukamwomba radhi, tukamwambia, "Safari hii hakuna wa nyuma kabisa." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama Lushoto kuna nyani.

Enyi wazazi wenzetu, watoto ni amana. Nanyi vijana, msione haya kumwuliza baba swali kama lile. Mwenyezi Mungu atujaalie kufunga kabla ya kutawakali, na awarejeshe wasafiri wetu salama. Amin.