Bahari Ndani ya Kioo

Mtu aliyezaliwa Wesha hana haja ya kuiweka bahari nyumbani mwake. Akifungua mlango huiona, akilala huisikia, na akiisahau siku mbili upepo humkumbusha kwa harufu yake. Kwa hiyo majirani zangu hawakunidhulumu waliponicheka siku nilipoweka tangi la kioo barazani na kulijaza maji ya chumvi. Waliona ni mzaha kumfuga samaki karibu na gati ambapo mashua huondoka kwenda Misali na wavuvi hurejea na vitoweo vyao.

Sababu yangu ilikuwa moja, wala haikuwa mzaha. Mjukuu wangu alivunjika mguu, ikampasa kukaa ndani kwa miezi. Mtoto aliyezoea maji kupwa na kujaa hakuweza kushuka pwani. Basi nilitaka pwani ipande kwake. Fundi wa vioo alinitengenezea tangi la lita 200. Nilitia mchanga na mawe ya matumbawe makavu, nikaweka pampu ya kuvuta hewa, nayo ikategemea umeme uletwao Pemba kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Samaki sikuwatoa Misali, kwani kisiwa kile kimekuwa hifadhi tangu 1998. Wavuvi waliniletea wadogo walionasa hai katika madema yao, wasiofaa kwa mchuzi. Wakafika sita, na mtoto akampa kila mmoja jina.

Wa saba ndiye aliyeleta msiba. Alikuwa kangaja, samaki mwenye mwiba mkali mkiani kama kisu. Kijana jirani alinibishia hodi jioni akiwa na ndoo mkononi. Akasema, "Ami, huyu mpe mjukuu wako, amfurahishe." Nilishukuru, nikamtia tangini usiku ule ule. Sikumtenga hata siku moja, wala sikumtazama vizuri. Uzuri wake ulinitosha kuwa ushahidi wa afya yake.

Siku ya nne mtoto aliniita. "Babu, kangaja kamwagiwa chumvi!" Nilicheka. Nilipokaribia niliona kweli chembe nyeupe juu ya mapezi yake, naye alikuwa akijikuna juu ya jiwe. Siku mbili baadaye chembe zilitoweka. Nilimhimidi Mungu, nikamwambia mtoto kuwa mgonjwa amepona. Neno hilo ndilo linalonichoma hata leo, maana nililisema kwa uhakika wa mtu ajuaye, na mimi sikujua lolote. Baada ya juma moja samaki wote saba walikuwa weupe kwa chembe, wakitweta karibu na uso wa maji. Kangaja alikufa kwanza, na watatu wakamfuata.

Nilikwenda kutafuta elimu nikiwa nimechelewa, kama wengi wetu tufanyavyo. Nikajua kuwa adui yangu ni kimelea cha chembe hai moja tu, kilichoelezwa na Sikama huko Japani mwaka 1937, na ambacho Brown alikipa mwaka 1951 jina la kitaalamu, Cryptocaryon irritans. Maisha yake ni ya hila. Hujichimbia chini ya ngozi ya samaki na katika matamvua yake, kikala huko siku tatu hadi saba. Kikishiba humwacha samaki kwa hiari yake, kikaanguka mchangani, kikajifungia ndani ya kifuko kigumu na kujigawa. Kifuko kimoja chaweza kutoa wana wapatao 200, na kila mwana huogelea kumtafuta samaki wake. Basi siku ile niliyosherehekea uponyaji, maradhi hayakuwa yameondoka. Yalikuwa yameshuka sakafuni kuzaa.

Dawa zilikuwapo, lakini kila moja ilidai jambo nisilokuwa nalo. Shaba huua vile vijana viogeleavyo, na mrututu ni shaba. Lakini kipimo chake ni kidogo mno, na kikizidi humuua samaki mwenyewe, na konokono na kamba wa tangini hawaivumilii kabisa. Sikuwa na chombo cha kuipima. Njia ya pili ni kupunguza chumvi ya maji kutoka gramu 35 hivi kwa lita hadi karibu 15, na kuishikilia hapo majuma matatu au zaidi. Hiyo nayo yataka kipimo cha kuaminika. Njia ya tatu haitaki dawa. Yataka ndoo, maji na uvumilivu. Samaki huhamishwa kila siku ya tatu kwenye chombo kikavu na safi chenye maji mapya, mara nne, ili kila kimelea kiangukacho kiachwe nyuma kabla wanawe hawajatoka katika kifuko.

Maji ya bahari ndiyo mali pekee ambayo Wesha haina upungufu nayo. Niliyateka maji yakijaa, nikayachuja kwa kitambaa, nikayafunika katika mapipa siku kadhaa. Usiku wa kuhamisha mtoto alishika taa, nami nikashika kikombe. Chombo kilichoachwa nilikisugua na kukianika juani. Baada ya siku 12 samaki watatu walibaki hai bila ya chembe, nikawaweka katika beseni kubwa. Tangi lenyewe lilikaa bila ya samaki hata mmoja, kwani wataalamu wameona kifuko kikichelewa kupasuka hata siku 72. Mtoto alihesabu siku 76 kwa mkaa ukutani.

Katika siku hizo kijana mvuvi alikuja kunipa pole, akauliza swali lililozidi vitabu vyangu. "Ami, mbona huko baharini kangaja wamejaa na hawafi hivi?" Nilifikiri sana. Baharini mwana wa kimelea ana siku moja au mbili tu za kumpata samaki katika maji yasiyo na mwisho, na wengi wao hufa bila ya kumpata. Tangini hakuna akosaye. Kimelea hakikugeuka kuwa kikali nyumbani kwangu. Mimi ndiye niliyekijengea ukuta. Nilidhani nimeleta bahari nyumbani, kumbe nilileta maji yake na viumbe vyake, nikaacha nje upana wake, ambao ndio rehema yake.

Sisi wa Pemba tulipasa kulijua jambo hili kabla ya wengine. Kichocho kimetufunza miaka mingi kuwa kumtibu mtu na kukisahau kijito chenye konokono ni kumwosha mtoto na kumrudisha topeni. Ndiyo maana kampeni iliyoanza Zanzibar mwaka 2012 haikutoa vidonge peke yake. Katika baadhi ya maeneo konokono walishughulikiwa majini, na katika mengine watoto walifundishwa shuleni. Mgonjwa huonekana, lakini maradhi hukaa pale pasipotazamwa.

Mjukuu wangu sasa atembea, na tangi limerudi kuwa na uhai. Siku samaki watatu waliporudishwa aliniuliza, "Babu, wale wanne walikufa kwa nini?" Ningaliweza kumtaja kimelea, na jibu lingekuwa la kweli. Nilimwambia kuwa babu yake alifanya haraka. Alinyamaza, kisha akaenda kulileta beseni kuukuu na kuliweka pembeni mwa baraza. Mgeni yeyote ajaye hukaa humo mwezi mzima, na mkaa wa kuhesabia uko mkononi mwa mtoto. Nikimsihi apunguze siku, hukataa.