Kuchota Marudio: Kazi ya Mchukua Sampuli Geita

Sehemu kubwa ya maisha ya kazi ya mwandishi wa tawasifu hii ilipita katika mialo ya kuchenjulia dhahabu ya wachimbaji wadogo mkoani Geita, ambako alikuwa akichukua sampuli za marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa katika makarasha, kuoshwa, na dhahabu yake kunaswa kwa zebaki. Marudio hayatupwi, kwani bado yana dhahabu ambayo zebaki haikuinasa, hivyo huuzwa kwa wenye matangi ya sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu hiyo. Lakini sayanaidi huyeyusha pia zebaki iliyosalia, na ikishayeyuka husafiri na maji kwa urahisi hadi mitoni na kuingia katika samaki. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi wanachama zichukue hatua za kukomesha uchenjuaji huo pale ambapo zebaki haijaondolewa kwanza.

Ugumu wa kuchukua sampuli za kupima zebaki hiyo hauko maabara, bali uko kwenye rundo lenyewe. Mchanga unapomwagwa, chembe kubwa huviringika hadi ukingoni na zile laini hubaki katikati, kisha mvua huzihamisha tena, wakati zebaki, ambayo ni nzito takriban mara 13.6 kuliko maji, hutawanyika katika vitone vidogo mno. Kitone kimoja kikiingia katika gramu chache zinazopimwa, rundo zima huonekana sumu. Kikikosekana, huonekana safi, na watoto wanaendelea kucheza juu yake. Pierre Gy, Mfaransa aliyejenga nadharia ya uchukuaji wa sampuli kuanzia miaka ya 1950, alionyesha kwamba kipenyo cha chembe kikiongezeka maradufu, uzito wa sampuli unaohitajika kwa usahihi uleule huongezeka takriban mara 8, na mwandishi alipoisoma nadharia hiyo aliona imeeleza yale ambayo chepe lilikuwa limekwisha kumfundisha.

Kwa sababu hiyo hakukubali kamwe kuchota juu juu, hata pale wenye marudio walipomwambia, “Mtaalamu, chukua hapa, pamekauka.” Alikata rundo kutoka kileleni hadi chini, akachota kidogo kidogo sehemu nyingi, akachanganya michoto hiyo juu ya turubai, akaifanya koni, akaibapaza na kuigawa robo nne, akabakiza robo mbili zinazokabiliana na kurudia mpaka kiasi kilichosalia kitoshe chupa. Chupa zilikuwa za kioo, kwa kuwa mvuke wa zebaki hupenya plastiki. Na sampuli zilianikwa kivulini, si katika oveni ya nyuzijoto 105 inayotumika kwa udongo wa kawaida, kwani joto hilo huipeperusha zebaki ileile inayotafutwa.

Jambo alilolishikilia kuliko yote ni sampuli ya pili. Kila mara sampuli ya rundo ilipokwisha kugawanywa, chupa moja ilikwenda maabara pamoja na hati ya makabidhiano, na nyingine, iliyofungwa kwa lakiri na kutiwa saini na pande zote mbili, alikabidhiwa mwenye marudio, ili naye, endapo asingeridhika na majibu, aweze kuipeleka kupimwa kwingine.