Itie Spidi

Gari la mashindano likipigwa picha safi, isiyotikisika hata kidogo, mara nyingi huonekana limeegeshwa. Ndilo fumbo la kwanza la picha za michezo ya magari. Gari linalokwenda kilomita 120 kwa saa husafiri mita 33 na kitu kila sekunde. Mpiga picha akiiweka kamera kwenye moja ya elfu ya sekunde, ndani ya muda huo gari husogea sentimita tatu hivi tu. Kamera inaligandisha. Unaweza kusoma maandishi ya tairi, kokoto zimening'inia hewani kama zimefungwa kwa uzi. Kila kitu kinaonekana, isipokuwa kasi.

Wapiga picha waliitafutia dawa zamani. Wanapunguza mwendo wa kamera hadi moja ya sitini, hata moja ya thelathini ya sekunde, kisha wanalifuata gari kwa lenzi huku wakizungusha kiuno taratibu. Kwa moja ya sitini gari limeshasogea zaidi ya nusu mita, lakini kwa kuwa kamera imekwenda nalo, linabaki wazi. Kisichokwenda nalo, yaani miti, nyumba, watu, kinaburutika na kuwa michirizi. Wenyewe huita paningi. Ni kazi ya mkono na pumzi, na fremu nyingi huharibika kabla ya moja kukubali.

Siku hizi kuna njia ya mkato. Photoshop ya mwaka 2014 ilileta vifaa vya kuzungusha matairi na kuburuta mandhari kufuata mstari unaouchora mwenyewe. Unalikata gari, unaliweka kwenye leya yake, nyuma unapaburuta, rimu unazizungusha, unanyunyiza vumbi kidogo. Dakika tano, chai haijapoa. Jicho lililozoea hugundua. Utaona kivuli cha gari kimeburutwa pamoja na barabara, wakati kivuli husafiri na mwenyewe. Utaona michirizi mikali kule nyuma, halafu tairi la mbele limetulia kama liko gereji. Au kuna utepe mwembamba wa mwanga umelizunguka gari, pale mkasi wa kompyuta ulipopita. Lakini wasomaji wangapi wana jicho hilo?

Mimi si mpiga picha. Ni mwandishi, na kwa miaka kadhaa nilikaa kwenye dawati la michezo la gazeti ambalo sitalitaja. Safari Rally ilipoingia tena kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kuwa nje tangu 2002, picha za Naivasha zilianza kumiminika kila mwaka. Siku moja tulichagua moja ya ukurasa wa nyuma. Gari limetoka kwenye kona, vumbi limetanda, na juu ya ukingo wa barabara kuna watu kumi na kitu. Katikati yao mwanamke mmoja alikuwa amemfunika mtoto uso kwa kanga, mwenyewe amefumba jicho moja na lingine analiangalia gari. Yaani hataki vumbi, na hataki kupitwa.

Mhariri akaiangalia, akasema, "Gari limesimama hili. Itie spidi."

Kijana wa usanifu akaitia. Kweli ikaruka, gari likawa kama linatoka kwenye karatasi. Na pale alipokuwa yule mama pakawa na mchirizi wa rangi ya chungwa, juu yake wa kahawia, juu yake wa kijani. Gazeti likatoka. Hakuna msomaji aliyelalamika, na angelalamikia nini?

Nimelifikiria swali hilo kwa muda mrefu, kwa sababu majibu ya haraka hayatoshi. Jibu la haraka la kwanza ni kwamba picha ya habari haiguswi. Tunafundishwa mifano. Mwaka 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza ili zienee kwenye jalada lililosimama wima, na mjadala wake haujaisha hadi leo. Mwaka 2006 shirika la Reuters liliondoa kwenye hazina yake zaidi ya picha 900 za mpiga picha mmoja wa kujitegemea, baada ya kugundulika kwamba moshi juu ya Beirut ulikuwa umeongezwa kwa kompyuta. Hapo kosa liko wazi. Piramidi hazikuwa zimekaa vile, na moshi haukuwa mwingi vile.

Lakini gari letu lilikuwa linakimbia kweli! Hapo ndipo mfano unapokataa. Kama kuna uongo, kamera ndiyo iliyoanza, kwa kulionyesha gari la kilomita 120 kama liko sokoni linauzwa. Mhariri wangu angeweza kusimama mahakamani akasema: sikuongeza kitu ambacho hakikuwepo, nimerudisha kilichopotea. Na kuhusu gari, angekuwa na haki.

Jibu la haraka la pili ni kwamba paningi ni halali na kompyuta ni haramu. Nalo lina nusu ya ukweli. Mchirizi wa paningi ni alama ya kitu kilichotokea pale, jua likiwaka na mwili wa mtu ukizunguka. Wa kompyuta ni alama ya mtu aliyekaa kwenye kiti. Ila yule mama wa kanga angefutika kwa njia zote mbili. Michirizi ni michirizi tu.

Kwa hiyo kinachonisumbua kiko upande wa pili wa picha, kwa wale waliolipia hiyo kasi. Ili gari lionekane linakimbia, lazima kitu kingine kipoteze sura. Na kwenye picha za rali za huku kwetu, kitu hicho mara nyingi ni mahali penyewe pamoja na watu wake. Magari mengi yanakuja na kuondoka. Madereva wana majina yao kwenye gari na bendera pembeni. Waliosimama ukingoni wao ni mandhari ya nyuma.

Kuna picha moja ya zamani inayoonyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kijana wa Kifaransa, Jacques Henri Lartigue, hajafikisha hata miaka ishirini, alipiga picha ya gari la mashindano ya Grand Prix. Kamera yake ilifunguka kwa mwanya uliopita juu ya picha kipande kwa kipande, naye akaizungusha kulifuata gari lakini halikufikika. Matokeo yake tairi limekuwa yai lililoinamia mbele. Nusu ya gari imeshatoka nje ya fremu. Na watazamaji pamoja na nguzo za barabarani wamelalia upande wa pili, kama nyasi upepo ukipita. Kwa kanuni za wakati ule ilikuwa picha iliyoharibika. Ulimwengu uliijua baada ya maonyesho ya New York ya mwaka 1963, na leo ni kati ya picha za kasi zinazojulikana zaidi duniani. Ukiitazama sawasawa utaona kwamba watu hawajafutika. Wanaonekana kabisa, na ni wao wanaokuambia kwamba gari lilikuwa linakimbia.

Jambo hilohilo nililisikia nyumbani kabla sijamjua Lartigue. Kwetu ni Mlola, milimani Usambara, ng'ambo ya Magamba ukitokea Lushoto. Baba mkubwa wangu alipokuwa kijana alipanda lori la mboga na wenzake wakashuka hadi Mombo kuangalia mashindano. Wakati huo Safari haikuwa ya Kenya peke yake. Ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 njia yake bado iliingia kwetu. Isitoshe tulikuwa na wa kujivunia: Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Kwa baba mkubwa kila Peugeot iliyopita Mombo siku ile ilikuwa ya Shankland, na ukimbishia anakasirika.

Nilimwuliza mara nyingi gari lilikuwaje. Hakuwahi kulieleza gari. "Tulisikia kwanza," alisema. "Ng'ombe wakasikia kabla yetu. Halafu watu wote wakarudi nyuma hatua moja kama wamesukumwa, na mwenye kofia akashika kofia. Vumbi likaja. Lilipotulia tukaanza kuulizana, umeliona? Kila mtu anasema ameliona." Akacheka. "Mwanangu, mimi niliona vumbi."

Hana picha hata moja ya siku ile. Lakini sijawahi kuona picha yenye kasi kama maneno yake, na ndani ya maneno hayo hakuna mtu aliyefutwa, hata ng'ombe.

Mtu aliyenifundisha zaidi, hata hivyo, ni mtoto wa shangazi yangu, dereva wa bodaboda hapohapo Mlola. Likizo moja nilimpiga picha juu ya Boxer yake. Alikuwa amesimama, mguu chini, nyuma yake maduka mawili, magunia ya viazi na bibi mmoja anauza ndizi. Akaniomba, "Kaka, si unajua mambo ya kompyuta? Nitie spidi." Nikamtia. Mguu nikauficha kwenye vumbi, magurudumu nikayazungusha, maduka yakawa mistari. Akafurahi sana, akaiweka stetasi.

Ilikaa nusu siku. Huyu kijana riziki yake inatokana na kwenda polepole. Barabara ya kwetu ni ya udongo na kona, mvua ikinyesha inateleza kama sabuni, na bonde liko palepale linasubiri. Akina mama wajawazito wanamchagua yeye. Wazazi wanampa watoto wa shule. Kuna bibi mmoja humpeleka kliniki kila mwezi. Mjukuu wake akamwonyesha ile picha kwenye simu, na jioni bibi akamtumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, kumbe nikishuka ndivyo unavyokwenda? Basi nitatafuta mwingine."

Alihangaika kumweleza kwamba ni picha tu, kwamba alikuwa amesimama, kwamba kaka amefanya kwa kompyuta. Bibi akamwuliza swali ambalo hadi leo sijasikia mhariri yeyote akiliuliza: "Na hapo ni wapi? Mbona sipaoni?"

Akanipigia. "Kaka, nirudishie ile ya kwanza. Yenye maduka."

Nilipomtumia aliiweka, na chini yake akaandika jina la kijiji chetu. Bibi bado ni mteja wake.

Sisemi programu zipigwe marufuku, wala simlaumu kijana wa usanifu aliyeambiwa atie spidi akatia. Picha ya tangazo itiwe spidi inavyotaka. Kalenda, bango, jalada la mchezo wa kompyuta, sawa kabisa. Ninachoomba kwa picha inayodai kuwa habari ni kidogo: kabla hujaburuta nyuma, angalia ni nani wamesimama pale. Pengine kasi unayoitafuta iko tayari kwenye kanga iliyofunika uso wa mtoto, au mkononi mwa mtu aliyeshika kofia. Pengine kuna fremu nyingine kwenye kadi, haina mbwembwe, lakini watu wamelala nyuma kama wale wa Lartigue.

Kasi ya gari haiwezi kupotea. Imeandikwa kwenye karatasi za matokeo, dakika, sekunde na sehemu ya sekunde, na baada ya miaka hamsini mtu ataifungua na kuikuta. Yule mama wa Naivasha hakuandikwa popote. Alikuwa na picha ile tu.