Vakansi yetu ya rangi kule Dar es Salaam



Tangu turudi Lubumbashi, swali ni lile lile, kwenye mkutano, sokoni, hata mlangoni mwa kanisa: "Ni kweli mulikula feza za likelemba kwa kwenda kuchora picha?" Ndiyo, ni kweli. Kule Dar es Salaam hatukuwa na harusi wala mgonjwa. Hatukufuata vitenge vya kuuza. Tulienda sisi wawili, bibi na bwana, kukaa siku kumi na mbili kando ya bahari na kuchora. Kwa kuwa feza za likelemba zinapita mikononi mwenu wote, tumeona ni haki tutoe hesabu hapa kwenye gazeti letu.

Tuanze nyumbani. Mmoja wetu anafundisha shule ya msingi. Mwingine ni mchoraji wa vibao: majina ya butiki, kichwa cha mwanamke mwenye misuko kwa saluni, kuku wa kuchoma kwa malewa. Wengi wenu mumepita chini ya kazi zake bila kujua ni zake. Kisha mashine za kuchapa bashi kubwa zikafika mjini. Mteja aliyekuwa akingoja siku tatu, sasa anangoja saa moja. Kazi ilipungua, halafu ikaisha. Burashi zikawekwa ndani ya kopo chini ya kitanda, na nyumba ikanyamaza. Wamama, munakujua kunyamaza kule. Mtu anakula, anasema aksanti, anatoka nje. Hakuna ugomvi, kwa hiyo hakuna mzee wa kuitwa aamue.

Usiku mmoja tulianza kuhesabu safari tulizofanya pamoja katika miaka kumi na moja ya ndoa. Likasi mara tatu. Kolwezi mara moja. Kasenga mara mbili. Tulipomaliza tuliangaliana: zote zilikuwa za kilio. Hatukuwahi kupanda gari pamoja bila mmoja wetu kuwa analia. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Tuliweka dola 5 kila juma ndani ya kopo la maziwa kwa miezi kumi na minane, ikawa dola 390. Zamu yetu ya likelemba ilipofika, tukaongeza. Shangazi mmoja alituambia wazi kwamba kwa feza hizo mtu mwenye akili angenunua mabati, maana paa letu linavuja. Hatukuwa na jibu zuri. Tuliacha watoto kwa yaya, tukaenda.

Kwa nini Dar es Salaam? Nchi yetu ina bahari yake kule Muanda, lakini kwa mtu wa Lubumbashi Muanda iko mbali kuliko Dar. Isitoshe, vitu vingi vya hapa kwetu vinashuka kwenye bandari ya Dar: magari, nguo, mashine. Na shaba yetu nyingi inapita kule kule. Tulitaka kuona mlango ambao vitu vyetu vinaingilia.

Tulivuka Kasumbalesa, tukapanda basi hadi Kapiri Mposhi, na pale tukaingia kwenye treni ya TAZARA. Reli hiyo ilijengwa na Tanzania, Zambia na China kati ya 1970 na 1975, na urefu wake ni kilomita 1,860. Ni safari ya siku mbili na zaidi. Asubuhi ya pili tulivuka mpaka wa Nakonde na Tunduma. Baada ya Makambako treni inashuka milimani, inaingia gizani na kutoka, handaki baada ya handaki. Katika behewa la watu wasiotujua, tulianza kuongea. Si mambo makubwa. "Angalia mto ule." "Chukua ndizi." Lakini tulikuwa tunaongea.

Dar es Salaam ilianzishwa miaka ya 1860 na Sultani Majid wa Zanzibar, na watu wengi wanafasiri jina lake kuwa ni bandari ya salama. Sisi tulifika na Kiswahili chetu cha Katanga tukidhani tuko salama. Siku ya kwanza, kwenye gesti kule Kariakoo, baba wa nyumba alisema kwa heshima: "Huyu ni bibi yangu." Mama wa mapokezi akatazama, akacheka hadi akashika meza. Kule bibi ni nyanya, mama ya mama. Mwanamke wa ndoa anaitwa mke. Tuliposema watoto wako kwa yaya, wakatuona matajiri, kwa sababu kule yaya ni mtumishi wa kulea watoto, si dada mkubwa. Na tulipotafuta petroli ya kuosha burashi, walituonyesha stesheni ya magari. Petroli yetu wao wanaiita mafuta ya taa. Pia mujifunze "shikamoo" mapema. Mtoto wa Dar anaitoa kwa kila mkubwa, na mkubwa anajibu "marahaba". Mara mbili za kwanza tulijibu "jambo", na watoto wakabaki wametutazama.

Picha zilizotupeleka ni zile zinazoitwa Tingatinga. Jina ni la mtu: Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alikuja Dar kutafuta kazi kama vijana wengine, akafanya kazi za mkono. Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na kitambaa cha wachoraji wala rangi za duka kubwa. Alichukua mbao nyembamba za dari, ndugu ya tripleksi yetu, na rangi ya baiskeli. Alichora ndege, tembo, chui, miti, na picha zake ziliuzwa Oysterbay, kwenye Morogoro Stores. Aliwafundisha ndugu na jamaa wachache. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mtu mwingine, akafa. Kazi yake ilidumu miaka minne tu. Lakini wale aliowafundisha waliendelea, wakafundisha wengine, na leo kuna chama cha ushirika cha wachoraji hapo hapo Oysterbay, wanakaa chini na vibao mapajani, mgeni anaweza kuketi nao na kujifunza.

Wako wanaosema kwamba Tingatinga mwenyewe aliona kwanza picha za Wakongomani zilizokuwa zikiuzwa Dar, akapata wazo. Ukiangalia ndege na samaki wao, halafu ukakumbuka wazee wetu wa Lubumbashi, huwezi kushangaa. Mwaka 1946, mji wetu ukiitwa bado Élisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua pale atelie iliyoitwa Le Hangar. Humo walitoka Pilipili Mulongoy na samaki na ndege wake, Mwenze Kibwanga na mistari yake, na Bela aliyechora kwa ncha za vidole bila burashi. Ilibidi tufike baharini ndipo tuwakumbuke watu wa mji wetu wenyewe.

Fundi aliyetupokea alituita "dada" na "shemeji" tangu saa ya kwanza. Kazi inaenda hivi. Kwanza unapaka chini nzima kwa rangi moja, ukiipunguza polepole kutoka nzito hadi nyepesi, kama anga jua likizama. Halafu unangoja. Rangi hiyo haina haraka. Ukigusa kabla haijakauka, umeharibu. Kesho yake unachora umbo la mnyama. Unangoja tena. Mwisho unaweka madoa, manyoya, macho. Samaki wa mama wa nyumba alitoka kama muhogo wenye mkia. Ndege wa baba wa nyumba alikuwa safi, amenyooka, amekwisha kwa nusu saa. Fundi alimwangalia, akasema kwa upole: "Shemeji, huyu ndege umemwandika. Bado hujamchora." Mwenye muhogo alicheka. Mwenye ndege hakucheka.

Asubuhi tulikuwa tunaenda Kivukoni, karibu na soko la samaki la Feri, kuchora mashua kwenye karatasi. Hapo bahari ilitufundisha kitu ambacho hatukujua. Maji hayakai mahali pamoja. Yanajaa na kupwa, mara mbili kila siku. Tulianza kuchora mashua inayoelea; kabla hatujamaliza, ilikuwa imelala ubavu juu ya mchanga, na watoto wanapita chini yake. Picha ilikuwa ya kitu ambacho hakipo tena. Tulijifunza kuanza na kile kitakachoondoka kwanza.

Siku ya sita mambo yaliharibika. Feza zilikuwa zimepungua kuliko tulivyopanga. Kutoka dirisha la daladala tuliona butiki moja, mbili, kumi, zote zina bashi za mashine. Baba wa nyumba alisema: "Hata huku imefika. Tumetembea siku zote hizi kuja kuona kifo kile kile." Usiku ule tuligombana, kweli kweli, mara ya kwanza baada ya mwaka. Maneno ya mabati yalitoka. Maneno ya shangazi yalitoka. Nani analisha nyumba, hata hilo lilitoka. Tunaandika haya bila haya, kwa sababu tunajua si nyumba yetu peke yake. Tulilala tumegeuziana migongo, lakini angalau tulikuwa tumesemeshana.

Asubuhi tulienda Feri kwa mazoea tu. Kuna mama lishe pale, anauza wali na samaki chini ya turubai. Kibao chake cha bei kilikuwa kimefutika kwa mvua na chumvi. Aliona burashi, akauliza: "Kaka, unaweza kuniandikia?" Baba wa nyumba alikaa kimya, kisha akainama. Aliandika wali, akaandika samaki, akaandika bei. Halafu, bila kuombwa, akaweka samaki kwenye pembe ya kibao. Hakumnyoosha. Alimpinda, akampa jicho kubwa na madoa mgongoni, kama tulivyofundishwa. Watu wakasimama. Mama lishe akasema samaki yule ana njaa kuliko wateja wake. Hakutulipa feza, alitupa sahani mbili za wali zimejaa. Tulikula tukiwa tumekaa juu ya mashua iliyopinduliwa. Jirani yake akaja na kibao. Kesho yake, mwingine.

Tusidanganyane: vibao vitatu havilipi treni. Lakini mtu aliyerudi gesti jioni ile hakuwa yule wa asubuhi, na yule aliyekuwa kando yake alimwona. Siku zilizobaki tulichora kibao kimoja sisi wawili: mmoja aliweka anga, mwingine mashua. Jumapili tulienda ufuko wa Coco, tukala muhogo wa kukaanga wenye pilipili, tukaingia majini na viatu mkononi. Hatukuongea sana. Kunyamaza kule kulikuwa kwingine.

Sasa tumerudi. Kopo limetoka chini ya kitanda. Kazi ya bashi haikurudi na hatuingoji. Baba wa nyumba anachora vibao vidogo vya ndege na samaki kwa mbao zinazobaki kwa maseremala, na saluni moja imeagiza viwili vya ukutani. Darasani, watoto sitini na wawili wameona picha ya bahari iliyochorwa na mwalimu wao, na wameuliza kwa nini mashua imelala. Somo la maji kujaa na kupwa tulilifanya kwa beseni, ndoo na kipande cha mti.

Shauri letu ni fupi. Wamama, muhesabu safari zenu pamoja na mabwana zenu. Mukikuta zote ni za kilio, muanze kopo. Si lazima iwe Dar. Inaweza kuwa Kipushi, siku moja, na chakula mulichobeba. Mufanye kitu ambacho hata mmoja wenu hakijui vizuri, ili hata mmoja asiwe mkubwa wa mwingine. Na mukigombana njiani, musikate safari.

Kila siku ya tatu ya juma, saa tisa baada ya masomo, tutakuwa chini ya mwembe wa shirika pamoja na watoto wanaotaka kuchora. Mulete kipande cha ubao na rangi yoyote iliyobaki baada ya kupaka mlango. Burashi tunazo.

Shangazi alikuwa na haki kwa jambo moja: mabati bado hatujanunua. Mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza, beseni litakuwa mahali pake pale pale. Lakini sasa tutalibeba sisi wawili.

Mubaki na amani.