Chaguo Lisilo na Magoti

Tarehe 18 Septemba 2013, timu ya Cleveland Browns ilimtoa Trent Richardson kwa Indianapolis Colts. Alikuwa na miaka 23, na msimu ulikuwa umechezwa mechi mbili tu. Browns hawakupewa mchezaji mwingine wala pesa. Walipewa haki ya kuchagua kijana mmoja katika raundi ya kwanza mwaka uliofuata. Huyo kijana alikuwa bado chuoni mahali fulani, na hakuna aliyejua ni nani.

Najua unajiuliza: Mkenya na futiboli ya Kimarekani, wapi na wapi? Laumu Daniel Adongo. Julai ya mwaka huo huo, Colts walimsaini Adongo, Mkenya wa raga ambaye hakuwa amewahi kucheza mechi hata moja ya mchezo huo. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza, na gazeti likifika maktaba tunaligombania kurasa za michezo. Ghafla Colts wakawa timu yetu, hata kama hakuna aliyejua Indianapolis iko upande gani wa ramani. Desemba Adongo akaingia uwanjani kweli. Nilianza kufuata hiyo timu kwa sababu yake, lakini stori iliyonikaa kichwani mpaka leo ni ya Richardson.

Richardson alikuwa mkimbiaji, yule anayewekewa mpira mkononi halafu anaambiwa apenye katikati ya majitu ya kilo 140. Kila akikimbia anaangushwa. Hiyo ndiyo kazi. Kwa hivyo wakimbiaji huzeeka haraka kuliko karibu kila mtu uwanjani, na mameneja wanajua. Mwaka wa 2013 na 2014 hakuna mkimbiaji hata mmoja aliyechaguliwa raundi ya kwanza.

Sasa, ukisema "drafti" kwenye mtaa wangu, watu wataleta ubao na vifuniko vya soda. Ya Marekani ni kitu kingine. Kila mwaka timu hupanga foleni na kuchagua vijana kutoka vyuoni, na kwa kawaida timu iliyofanya vibaya zaidi hutangulia. Kijana hachagui aende wapi. Na nafasi kwenye hiyo foleni ni mali: unaweza kuiuza, kuiweka, au kuibadilisha na binadamu. Lakini drafti yetu ya vifuniko inasaidia kuelewa, kwa sababu kila mchezaji mzuri anajua kulisha. Unamsukumia mpinzani kete moja aile, ndiyo wewe ule mbili baadaye. Watu wanaozunguka ubao wanapiga makofi. Hakuna anayeangalia ile kete imetupwa wapi.

Richardson hakuwa kete ya kawaida. Chuoni Alabama alibeba ubingwa wa taifa mara mbili. Mwaka wa 2012 Browns walimchagua wa tatu nchi nzima, na walitoa chaguzi tatu za ziada ili wapande kutoka nafasi ya nne hadi ya tatu, wasije wakamkosa. Jim Brown, gwiji mkubwa kabisa wa timu hiyo, alisema hadharani kwamba kijana huyu ni wa kawaida tu. Msimu huo, akiwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa goti na baadaye akiwa na mbavu zilizovunjika, Richardson alikimbia yadi 950, nane zaidi ya alizokimbia Brown mwaka wake wa kwanza, 1957. Alifunga mara 11 kwa kukimbia.

Lakini Brown alihitaji mechi 12 tu, naye Richardson alicheza 15. Tena wastani wake ulikuwa yadi 3.6 kila anapobeba mpira, na wanaohesabu hawakufurahi. Halafu timu ikapata mwenye mpya, na wakubwa waliomchagua wakaondoka. Hapo ndipo hatari ilipo. Wakubwa wapya walikuta mali ya watu wengine kwenye rafu na kuuliza, hii tukiuza tunapata nini?

Kuna kitu nimekiona kuhusu chaguo la baadaye: halina magoti. Halijavunjika mbavu. Halijawahi kuangusha mpira kwenye mvua. Mtu uliye naye unajua kasoro zake zote kwa sababu ulikuwepo zikitokea, lakini yule wa mwaka ujao ni mtakatifu. Ukiwapima hao wawili kwenye mizani moja, aliyepo atashindwa kila mara, na kosa lake kubwa ni kwamba yuko.

Naongea hivi kwa sababu Januari 2019 mimi pia nilibadilishwa.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea uhandisi. Mzee alikuwa dereva wa lori, na mwaka uliotangulia kazi ilikuwa imeisha. Dada yangu alikuwa amepata B plus kwenye mtihani wa kidato cha nne. Wazazi, baba mdogo na shangazi walikutana nyumbani Bungoma. Mimi nilikuwa Nairobi, na sikuambiwa kuna mkutano. Jioni mama akapiga simu.

"Mwanangu, tumekaa tukaongea."

Ukisikia "tumekaa tukaongea," jua kimeshaamuliwa.

"Hatuwezi kuwasomesha wote wawili. Mwenzako ni msichana, na ako na B plus. Wewe ni mwanaume, utajisukuma."

Nilisema sawa. Ungesema nini? Alama zangu zilikuwa za katikati, nilikuwa na somo moja la kurudia, na kila mtu nyumbani alilijua kwa jina. Dada yangu hakuwa bado na somo la kurudia. Hakuwa ameanza.

Miezi hiyo nililala kwa rafiki, nikaandika insha za watu na maelezo ya viatu vya tovuti fulani, na usiku nikiwa na bando nilimtafuta Richardson. Colts walimwacha Machi 2015. Baada ya kubadilishwa, alifunga mara ya kwanza kabisa alipowekewa mpira, na tukasema haya basi, Cleveland wamechomeka. Kisha ikawa yadi 2.9, yadi 2.9, hadi msimu ukaisha. Timu mbili zaidi zikamchukua na kumwacha kabla ya msimu kuanza. Sasa, mwanzoni mwa 2019, alikuwa anachezea Birmingham Iron kwenye ligi mpya ndogo, na alikuwa anafunga. Alifunga mara 11 kwa kukimbia, kuliko mtu yeyote kwenye ligi hiyo. Aprili ligi ikakosa pesa ikafungwa kabla msimu kuisha. Nilicheka peke yangu gizani, si kwa ubaya. Kuna bahati zinazojua anwani ya mtu.

Simlilii Richardson. Mkataba wake wa kwanza ulizidi dola milioni 20. Na wale wakubwa wa Cleveland walikuwa sahihi kumhusu, tukubali. Walichokosea ni upande wa pili wa biashara. Lile chaguo lilitokea kuwa la 26. Wakaongeza jingine juu yake ili wapande hadi nafasi ya 22, wakamchukua Johnny Manziel, kwotabeki aliyekuwa staa mkubwa kuliko wote chuoni. Alianza mechi nane, wakashinda mbili. Machi 2016 wakamwacha. Na waliofanya biashara yenyewe hawakuwepo hata kumchagua, maana mwenye timu alikuwa amewafuta Februari 2014.

Kwa hivyo kila mtu akiongelea ile biashara husema ilikuwa mbaya kwa wote wawili, kisha mada inaisha. Mimi hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu yetu ilikuwa nzuri.

Dada yangu ni muuguzi. Alimaliza kwa wakati, akapata kazi 2023, na mshahara wa kwanza alinitumia shilingi 5,000 bila kuniambia ni za nini. Dawa za presha za mama ni yeye. Paa jipya ni yeye. Ukikaa chini na kalamu, ule mkutano wa Bungoma ulikuwa na akili kuliko mameneja wengi wa NFL. Ningekuwepo, pengine ningepiga kura upande wao. Ndiyo inayoniuma hadi leo: ningekubali, na hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa bei, na bei haiitwi kikaoni.

Mwaka jana mikutano ilianza tena, ila sasa mimi ni mkubwa wa kutosha kuitwa. Ajenda ilikuwa kitinda mimba wetu, ana miaka 20, anasomea umekanika kwenye chuo cha ufundi. Amefeli mitihani miwili. Baba mdogo alikuwa na wazo. Kuna mtu anauza mtamba wa gredi mwenye mimba. Karo ya mwaka mmoja, ukiongeza kidogo, unampata. Atazaa, tutauza maziwa, tutauza ndama.

Bana, ungesikia vile huyo ndama alivyosifiwa. Alikuwa jike tayari. Alikuwa tayari na lita 20 kwa siku. Hakuwahi kuugua, na nyasi hazikuwahi kukauka. Na kijana wetu kwa upande mwingine, kila mtu alijua anachelewa kuamka, alijua simu ngapi amepoteza, alijua vile alivyoharibu gia ya pikipiki ya jirani akijifunza.

Sikuwa na hoja dhidi ya ng'ombe. Ng'ombe anaweza kuwa biashara safi kabisa. Nilisema kitu kimoja tu: kabla hatujaamua, aitwe.

Baba mdogo akaniuliza, "Aitwe afanye nini? Hana pesa huyo."

"Aketi tu, ankol. Asikie anauzwa ngapi."

Kimya. Mzee akatazama mkeka, halafu akamtuma mtoto wa jirani akamwite. Alikuja na grisi kwenye vidole, akasimama mlangoni akidhani amefanya kosa. Mama akasogea kwenye kochi, akampigia mto makofi mawili.

"Keti hapa, baba. Tunataka kukuuliza kitu."