Maua ya Mbuni Hayachumwi

Ndugu msomaji, kama hujafika Karatu, njoo mwezi wa Novemba, siku nane au kumi baada ya mvua nzuri ya vuli. Ukishuka garini, shika njia ya udongo mwekundu ipandayo kuelekea msitu wa Ngorongoro. Kabla hujaona shamba lo lote, pua itakuambia kuwa umefika. Ni harufu tamu, kama ya asumini ya pwani. Mibuni imechanua.

Wakati wa kiangazi macho ya maua hulala katika matawi, na mvua huyaamsha. Yakifunguka, tawi zima huwa jeupe kama lililomwagiwa unga. Lakini usikawie! Baada ya siku mbili tatu maua hunyauka.

Asili ya mmea huu ni misitu ya Ethiopia. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walileta mbegu yake kutoka kisiwa cha Réunion, nayo ikafika hata misioni ya Kilema, Kilimanjaro. Huku Karatu na Oldeani, walowezi wa Kijerumani walifungua mashamba ya kahawa kati ya vita kuu mbili. Leo wako pia wenyeji wenye mibuni yao, karibu na mahindi na maharagwe.

Endelea kupanda. Shamba linakoma, msitu unaanza, na huko hakuna ruhusa ya kulima, maana Ngorongoro ni hifadhi tangu mwaka 1959. Ukipita lango la Lodoare utafika ukingo wa kreta, penye ukungu na baridi, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Usidhani msitu ule ni wa wanyama tu. Huo ndio unaotunza maji ya chemchemi zetu. Nyuki wake hushuka mashambani. Mbuni waweza kuzaa bila nyuki, lakini wakiyazuru maua, matunda hushika zaidi, na asali hupatikana. Kweli, tembo na nyati nao hushuka, tena bila kubisha hodi.

Sasa nikuungamie kosa langu. Mwaka mmoja, siku ya kuamkia Sikukuu ya Kristo Mfalme, mimi karani wa parokia niliwatuma watoto wakatafute maua ya altare. Wakarudi na matawi ya mibuni mikononi. Kanisa lilinukia ajabu, nami nikafurahi.

Baada ya Misa mama mmoja mjane alibaki amekaa kwenye benchi. Nikamwamkia, “Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Maua ni mazuri. Lakini yametoka shambani kwangu. Pale altareni yapo madaftari na viatu vya mjukuu wangu.”

Sikuwa na jibu. Chuo cha ualimu nilijifunza habari za ua na tunda, nikazichora ubaoni mara nyingi. Lakini kwenye tawi sikuziona! Kila ua lingekuwa tunda moja, na kila tunda buni mbili. Ua la Novemba huanza kuvunwa Julai, baada ya miezi minane hivi. Tena kilo tano au sita za matunda mabichi hutoa kilo moja tu ya kahawa safi. Nilimlipa kadiri nilivyoweza, nikaenda na watoto wale wale kumpalilia shamba. Naye akatupikia uji.

Basi, wazazi, wafundisheni watoto. Altare ipambwe kwa maua ya uani kwetu, si kwa jasho la jirani. Sadaka isiyo yako si sadaka.

Nawe msomaji, karibu Karatu unuse maua ya mbuni. Ila mikono uiweke nyuma.