Tochi ya Simu Yangu Si Jenereta ya Bosi

Nilifanya kibarua cha usiku kwa godauni moja Industrial Area. Stima ikipotea, supavaiza alikuwa anasema tu, "Washeni tochi za simu, kazi iendelee." Mwenzangu akakosa ngazi kwa giza, akavunjika mguu. Eti hakuwa makini!

Zii. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye kazi ahakikishe kuna mwanga wa kutosha kila mahali watu wanafanya kazi au kupita. Stima kupotea si kisingizio. Agosti 2023 hata JKIA iliingia giza, so kila bosi anajua itapotea tena. Ukiona hatari kubwa, ripoti. Hafai kukurudisha hapo kabla airekebishe.

Kwenu stima ikipotea, taa ya dharura huwaka, ama ni bando na betri yako?